Uzi: Milango ya ndani, pano ao isoplani ao kioo? Nyumba iko Panzi, munisaidie kuchagua

papa_neema_bkv

Jambo kwenu wote. Niko najenga hapa Bukavu, upande ya Panzi, nyumba ya vyumba vitatu, saloni, jiko ya ndani, dushi, stoo, na kulwari (njia ya ndani) moja inapita katikati. Ukuta zimekwisha, mabati iko juu tangu mwezi ya pili, krepisaji (plasta) ya ndani tunamaliza wiki ijayo, sasa nimefika ku milango ya ndani na hapo njo nimekwama. Ya inje ni ya chuma, nilishaweka, hiyo haina mjadala. Ya ndani iko saba na kila mutu ananivuta upande yake.

Mama Neema anataka pano sita (vibao sita ndani ya kila mulango), rangi nyeupe, vile aliona kwa dada yake Kigali, na kati ya saloni na jiko anataka kioo tupu kutoka juu mpaka chini. Fundi mujengaji anasema niweke isoplani zile zinakuja tayari na kadri (fremu) yake, nyepesi, unaanza asubuhi jioni umemaliza zote. Baba yangu alinipigia simu toka Kabare, yeye ni libuyu (ile mbao nyekundu) na vernisi basi, anasema mulango ya chumba yake iko pale tangu mi sijazaliwa na bado inajifunga na kidole kimoja.

Devi nilizopata ni dola 130 kwa mulango moja ya libuyu pamoja na kadri, isoplani ni 75 bila seriri (kitasa). Zidisha mara saba mutaona kwa nini silali. Tena mama mukwe atakuja kukaa na sisi mwisho wa mwaka, magoti inamusumbua, anatembea na fimbo, sitaki milango imuhangaishe.

Mungefanya nini?

dada_esta_nguba

Kaka, kwa rangi niko na Mama Neema, kwa pano sita hapana. Mbele ya kuchagua modeli fanya hivi, simama ku mulango ya mbele, angalia ndani, hesabu milango ngapi macho inaona mara moja. Kwetu zilikuwa ine mu kulwari moja ya upana wa metri moja na santimetri kumi. Mara ine pano sita ni pano 24 zinakuangalia kila ukitoka chumbani, na mu kulwari yenye haina dirisha unasikia kama umefungiwa mu kabati. Tulibadilisha tukaweka pano mbili tu, moja ndefu juu moja fupi chini, nyumba ikapumua.

Halafu vumbi. Juni mpaka Agosti wote munajua vumbi ya Bukavu inavyoingia, kila kona ya pano ni kirafu ya vumbi, pano sita ni kona 24 ku mulango moja upande moja. Mwenye kufagia ndani kwako ni nani? Umuulize yeye.

Giza ya kulwari nayo iko na dawa ya zamani. Nyumba nyingine za wakoloni hapa Nguba na Muhumba ziko na imposti, kile kidirisha cha kioo juu ya mulango. Mwangaza ya chumba inatoka inaingia mu kulwari hata mulango ikiwa imefungwa. Kama mujengaji wako hajafunga linto (boriti ya juu ya mulango) zote chini, umuambie akuachie santimetri 35 ao 40 juu ya kadri. Ni kioo kidogo, bei yake si kitu, na mchana hautawasha taa.

menuizie_kadutu

Papa Neema, mi ni menuizie (fundi wa mbao) miaka 19 sasa, atelie yangu iko karibu na soko Kadutu. Modeli tutaongea nyuma. Mi nakuuliza kwanza, ile libuyu ya dola 130 imekauka miezi ngapi?

Juu hapa kwetu mvua inaanza mwezi ya tisa inaenda paka mwezi ya tano, na mbao inakunywa ile hewa kama sifongo. Inavimba kwa upana, kwa urefu karibu hapana. Sasa mutu anakuletea mulango nzuri mwezi ya saba, inafunga vizuri, unamulipa, anaenda, mwezi ya kumi na moja unasukuma na bega. Unamuita anakuja na rabo anakata milimetri tatu, inafunga tena. Mwezi ya saba ingine inarudi kavu, unaona taa ya kulwari inapita pembeni. Hapo batu banasema libuyu ya siku hizi si kama ya bazee. Libuyu ni ile ile ndugu yangu, wazee baliingojea, sisi tunaikimbiza.

Kujua kama imekauka usiamini maneno. Gonga vipande viwili pamoja, kavu inalia, mbichi inasema bu. Lakini hiyo ni sikio, sikio inadanganya. Njia ya kweli, chukua kipande ya ile mbao yenyewe, enda nayo ku mutu wa mizani sokoni, pima, andika na kalamu juu yake. Wiki ijayo pima tena ku mizani ile ile. Ikipungua bado iko na maji. Siku uzito unasimama wiki tatu ine bila kushuka, njo mbao imefika, itengeneze.

Na vile inapangwa: chini ya paa, si ku jua, kati ya ubao na ubao unaweka vijiti ili upepo upite, miisho unaipaka rangi ya zamani ama kole (gundi) juu miisho inakauka mbio kuliko katikati na hapo njo inapasuka.

Sasa kwa nini pano. Pano si pambo, watu wanafikiri ni pambo. Mulango ya upana wa santimetri 83 ukiifanya na ubao iliyobandikwa pamoja tu, itavimba na kunywea upana wote ule. Bazee bakafanya kadri ya mulango, montani mbili (mbao za kusimama) na traversi (za kulala), zimeshikana na tenoni na mortezi (ulimi na tundu yake), hizo ni nyembamba kwa hiyo hazichezi sana, na pano inakaa ndani ya mufereji bila kole. BILA KOLE. Inacheza mule ndani peke yake, kadri haijui. Fundi akiweka kole ku pano ili isilie, mwaka ya kwanza tu usiku mutasikia paaa kama bunduki, asubuhi pano iko na ufa toka juu mpaka chini. Nimetengeneza nyingi za namna hiyo zenye zilitoka mikono mingine.

Kwa hiyo pano mbili ao ine ao sita kwangu ni sawa, uliza tu kama pano inaelea. Shika na vidole usukume pembeni, ikicheza kidogo ni kazi nzuri.

papa_neema_bkv

Aksanti sana mukubwa. Kweli sikuuliza imekauka miezi ngapi. Nimemuita sasa hivi ananiambia "imekauka vizuri". Nitaenda na kalamu yangu.

Na isoplani? Ni mbaya kabisa?

menuizie_kadutu

Si mbaya, ujue tu unanunua nini. Ndani ni kartoni imefanywa kama masega ya nyuki, inje tripleksi nyembamba pande mbili, pembeni kijiti cha mbao, na kipande kigumu pale seriri inaingia. Ni hiyo tu. Ukipiga parafujo katikati utundike koti, wiki mbili koti iko chini na tundu imebaki. Ukitaka kuikata chini juu karo (vigae) zimepanda, una santimetri moja ao mbili tu ya mbao, ukipita hapo unafika ku kartoni na mulango imekufa. Na maji ya dushi ikipanda kutoka chini, tripleksi inafunguka kama kitabu.

Kwa stoo sawa. Kwa chumba yenye mutu analala sawa pia kama pesa ni kidogo. Ku dushi usiweke.

mwalimu_bagira

Mimi naongeza kitu ambacho hakijasemwa hapa, sauti. Nyumba yangu ina isoplani vyumba vyote. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anajiandaa kwa Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), televisheni iko saloni, wageni wako saloni, na mama yake anasali rozari chumba cha pili, kila mmoja anamsikia mwenzake kama wamekaa kwenye benchi moja. Tulikuwa tunazima televisheni saa kumi na mbili, wageni wanaona aibu wanaaga. Mwaka mzima tuliishi hivyo.

Sauti inazuiwa na uzito, hakuna siri nyingine. Mlango mzito unanyamazisha, mlango mwepesi unapitisha. Na hata ukiwa mzito, ukiacha nafasi ya santimetri mbili chini sauti yote inapita pale pale. Kwa hiyo kama pesa haitoshi milango saba mizito, weka mizito miwili mitatu, chumba cha wazazi, chumba cha watoto wanaosoma na huo kati ya saloni na kulwari. Huo wa saloni ndio unafanya kazi kubwa kuliko yote, ukifungwa nyumba yote ya nyuma inatulia.

mama_wa_himbi

Jambo Papa Neema, mimi niko Goma, Himbi. Nataka kusema juu ya kioo na naomba Mama Neema asome hii mwenyewe.

Na mimi nilikuwa na kioo tupu kati ya saloni na jiko, kizuri, kila mgeni anasifu. Kioo cha kawaida cha milimetri nne, aliyekiweka alisema ni kigumu. Mtoto wangu wa pili, miaka sita, alikuwa anakimbizana na kaka yake, akafikiri mlango uko wazi maana nilikuwa nimetoka kuupangusa. Aliingia na mkono mbele. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoka vipande virefu kama visu, kimoja kilibaki kimening'inia juu kabisa ya kichwa chake na mimi namwambia usitikisike baba, usitikisike, huku damu inatoka kwenye mkono. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Leo ana miaka kumi na tatu na ile alama iko.

Sisemi usiweke kioo. Sasa hivi nina kingine, ila kinaanza juu, chini ni mbao mpaka kifuani kwa mtoto, na kioo chenyewe ni feyete, kile cha vipande viwili na plastiki katikati, kikivunjika kinabaki kimeshikana. Kuna pia trempe, hicho kinavunjika punje punje kama mahindi, hazikati sana. Lakini trempe haikatwi tena baada ya kutengenezwa, ukipima vibaya umepoteza, upeleke mesire kamili. Na chenye mistari kinaleta mwangaza bila kuonyesha masufuria, jikoni huwa si pasafi kila saa.

Usikubali mtu akuambie cha milimetri nne ni kigumu.

papa_neema_bkv

Mama, pole sana. Nimemusomea Mama Neema kwa sauti, amenyamaza, halafu akasema "nusu basi, chini mbao".

lushi_bel_air

Yambo ba ndugu ba Kivu. Mi niko Lubumbashi, kwetu shida iko kinyume na yenu. Kiangazi ya huku, mwezi ya tano paka ya kumi karibu, hakuna hata tone, hewa ni kavu paka midomo inapasuka. Mulango yenye ilitengenezwa mu mvua inanywea. Kwangu kati ya mulango na kadri nilikuwa naingiza kidole. Kwa hiyo ile maneno ya fundi wa Kadutu kuhusu mizani ni kweli hata huku.

Kintu ingine ya huku ni mchwa. Munajua bichuguu ya Katanga, ingine inapita nyumba kwa urefu. Mchwa haianzaki ku mulango, inaanza ku muguu ya kadri pale fundi alizika mbao mu simenti mbele karo haziyawekwa. Inapanda ndani kwa ndani, inje rangi iko nzuri, siku moja unafunga mulango sharnieri (bawaba) inatoka na parafujo zake zote, ndani ni unga. Njo maana nyumba ya muzee wangu iko na kadri ya chuma na mulango ya mbao, na mi nimefanya vile vile. Kama unataka mbao tupu, muvule ao mulombwa, moyo ya mbao, si ile sehemu nyeupe ya pembeni. Ile nyeupe mchwa inaila hata ku muvule.

Bukavu mchwa si kama huku, lakini kadri usiizike. Isimame juu ya karo.

menuizie_kadutu

@lushi_bel_air umesema kweli kabisa, na hiyo inaleta ingine. Papa Neema, karo umeshaweka?

papa_neema_bkv

Bado. Tulitaka kuweka milango kwanza ili nyumba ifungwe.

menuizie_kadutu

Apana, apana. Simenti ya kulazia na karo pamoja inapanda santimetri ine ao tano. Ukipima leo, mulango itakwama ku karo na utaikata chini, na ukikata chini ile vernisi ya chini inaenda, maji ya kupangusa inaingia hapo kila siku. Weka karo, maliza krepisaji pande zote, ukuta ikauke, NJO upime. Mi napima kila tundu mahali tatu, juu katikati chini, kisha kona mpaka kona, juu tundu ya mujengaji haiko sawa hata siku moja. Nachukua ndogo.

Mesire zetu za kawaida ni zile za Kifaransa, mulango yenyewe ni santimetri 204 urefu, upana 63, 73, 83, 93. Kwa vyumba 83. Ku dushi batu banapenda 63 ili kuokoa nafasi, kwako hapana, ile ya mama mukwe na ya dushi ufanye 93. Leo ni fimbo. Kesho ikiwa kigari ama mutu wa kumushika kwa pembeni, 63 haipite.

Upana ya kadri ifuate unene wa ukuta na krepisaji pande mbili, usiache fundi akuletee kadri ya 12 ku ukuta ya 18 kisha ajaze na plinti.

ndugu_keshero

Goma hapa, Keshero. Niongeze yangu, ni ndefu kidogo munisamehe.

Volkano ya Nyiragongo ilitoka jioni ya tarehe 22 mwezi ya tano 2021, jumamosi, wote tunakumbuka. Lakini kwangu kilichonifundisha milango si lava, ni matetemeko ya siku zilizofuata, kila saa, mchana usiku. Jumanne asubuhi ikapiga moja kubwa, ukuta ya kulwari ikafanya ufa wa mshazari juu ya mulango ya chumba ya binti zangu, na kadri ikapinda. Bako ndani babili, mulango haifunguke. Si ufunguo, ufunguo tulizungusha sawa, ni mulango yenyewe imebanwa na kadri pande mbili. Ilikuwa ya mbao nzito, inafunguka kwa ndani. Nilipiga na bega paka bega ikavimba, jirani akaleta baramini tukang'oa kadri upande wa sharnieri. Labda dakika kumi. Binti mukubwa alikuwa ananiambia polepole "papa usilie, tuko hapa", kumbe nilikuwa nalia sijui.

Alhamisi tulitoka wote kwenda Sake kama wengine wengi, na nilivyorudi kitu ya kwanza nilifanya ni milango. Nimeweka hivi. Moja, nafasi kati ya mulango na kadri milimetri tatu kamili pande zote, si moja na nusu ile inapendeza macho. Pili, kadri haikusukumwa ku ukuta na simenti peke yake, kuna nafasi imejazwa na musi (povu) ile ya kupuliza na imeshikwa na parafujo sita, ukuta ikicheza kidogo kadri haifuate yote. Tatu, vyumba vya watoto hakuna ufunguo. Nimeweka seriri za dushi, ndani wanafunga wenyewe wakitaka, inje unafungula na ncha ya kisu. Na sharnieri nimetafuta zile pini yake inatoka, ukigonga chini na musumari inapanda, mulango inatoka bila kuvunja kitu, kama iko upande yako.

Bukavu nayo mulikuwa na tetemeko kubwa 2008, mwezi ya pili. Nzito ni nzuri kwa sauti, sikatae mwalimu, lakini mufikirie na siku ile.

mwalimu_bagira

Ndugu wa Keshero, asante kwa kutuandikia hayo. Nilikuwa Bukavu 2008, jumapili asubuhi. Sikuwahi kuunganisha na mlango. Nabaki na uzito, ila milimetri tatu na ile ya ncha ya kisu naichukua kwangu pia. Nafasi hiyo unaweza kuweka joa ya mpira kwenye kadri, inaziba sauti na haizuii mlango kufunguka kwa kuwa mpira unabonyea.

dada_esta_nguba

Ndugu Keshero pole sana, na hongera kwa hao binti.

Kaka Papa Neema mi narudi ku mama mukwe. Pwanye (mushikio ya mulango) ya duara usiweke hata moja, mikono ya wazee haiwezi kukamata na kuzungusha, weka ya kushusha, anaweza kufungua hata na kiwiko akiwa na sahani. Na mulango ya dushi ifunguke kwa inje. Mutu akianguka mule ndani mwili yake njo inazuia mulango, unasukuma unamuumiza.

papa_neema_bkv

Dada Esta, kulwari yangu ni metri 1 na 20, mulango ya dushi ya 93 ikifunguka inje inafunga njia yote, na inagongana na ya chumba ya watoto.

menuizie_kadutu

Basi ku dushi weka kulisani (mulango ya kuteleza), inatembea ku reli juu ya ukuta upande ya kulwari. Unahitaji ukuta tupu ya metri moja pembeni, bila anterupteri (swichi ya taa). Haizibe harufu na sauti vizuri kama ya kawaida, nakuambia mapema, lakini kwa mama yule ni bora kuliko zote, hakuna kurudi nyuma na fimbo ili kupisha mulango. Reli nunua ya nguvu, hapo usitafute bei. Chini weka kile kidole cha kuongoza, bila hiyo inapepea.

Na hii ni kwa milango yote: vernisi ipite pande sita. Mbele, nyuma, pembeni mbili, JUU na CHINI. Karibu kila mulango yenye inakuja kwangu kutengenezwa, nikiweka mukono juu kabisa pale macho haifike, mbao ni tupu. Hewa inaingilia hapo. Ipakwe mbele ya kutundikwa, ikishatundikwa nani atapaka chini.

dada_esta_nguba

Na rangi nyeupe juu ya libuyu?

menuizie_kadutu

Dada yangu, kupaka nyeupe juu ya libuyu inaniuma moyo, nasema kweli. Ule mwekundu wake unaenda unakomaa na miaka. Kama ni nyeupe basi tumia sipre (mbao ya mseprasi), ni nyepesi, bei chini, lakini vifundo vyake vinatoa utomvu, bila dawa ya kuvifunga kwanza utaona doa za njano zinatokea ku nyeupe yako. Mikaratusi usikubali, inajipinda kama nyoka hata ukiipanga namna gani.

dada_esta_nguba

Nakuheshimu mukubwa lakini kulwari bila dirisha na milango saba za vernisi ni giza. Libuyu aweke saloni na vyumbani pale kuna mwangaza, upande ya kulwari zionekane za rangi moja. Mulango moja inaweza kuwa na sura mbili.

menuizie_kadutu

Inawezekana. Nimeshafanya mara moja. Rangi iwe ya mafuta, ile inapanguswa, karibu na pwanye mikono ya watoto inaacha alama kila siku.

papa_neema_bkv

(miezi ine imepita)

Jambo tena. Niliahidi mu binafsi kwa wawili watatu kwamba nitarudi, nimerudi.

Karo zilitangulia, nikangoja ukuta. Libuyu ya yule wa dola 130 niliipima: wiki moja gramu 2,650, wiki ya pili 2,540, wiki ya tatu 2,470. Nilimuonyesha kalamu yangu juu ya kipande, hakukasirika, alisema hakuna kiriya (muteja) anamuulizaka hiyo. Tulikubaliana ninunue mbao yote mara moja, ipangwe kwangu chini ya paa na vijiti, yeye aje kutengeneza ikifika. Hapo bei ilishuka kidogo juu hakulipa stoki.

Nimeweka hivi. Saloni kwenda kulwari, chumba yetu na chumba ya watoto ni libuyu pano mbili, pano zinaelea nimezisukuma na kidole moja moja. Sharnieri tatu kila mulango, na milimetri tatu ya ndugu Keshero na joa ya mwalimu. Ya watoto haina ufunguo. Jiko ni sipre chini na kioo ya feyete yenye mistari juu, Mama Neema amepaka nyeupe mwenyewe, imetoka nzuri, doa moja tu ya njano karibu na sharnieri ya chini. Chumba ya mama mukwe ni 93, ya dushi kulisani 93. Imposti ziko tatu, saa nane mchana kulwari iko na mwangaza wa kusoma.

Mvua imeanza wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi nachukua karatasi ya daftari napitisha kati ya mulango na kadri kuzunguka pande zote. Ya saloni inapita yote. Ya watoto inashika kidogo juu kona ya seriri, nimeweka alama na kalamu, sitaki kukata mbele ya kuona mwezi ya kumi na mbili.

Mama mukwe alifika jumamosi. Aliingia dushi peke yake usiku, tukasikia reli inatembea, inarudi. Asubuhi hakusema kitu juu ya mulango, aliuliza tu chumvi iko wapi.

menuizie_kadutu

Umefanya vizuri kungoja na ile kona. Usiguse. Juu ulipaka?

papa_neema_bkv

Juu na chini, mara mbili, nilipanda ku kiti kuangalia.

Stoo bado iko na rido (pazia). Mbao yake njo ya mwisho iko chini ya paa, jana kipande ilikuwa gramu 2,310, na wiki ya mbele yake ilikuwa 2,310 vile vile. Nangoja jumamosi mbili.